Kupunguza metadata inayojirudia ndani ya faili za HDF5

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, chukua faili moja ya HDF5 (muundo wa faili wa kuhifadhia data nyingi za kisayansi) inayokushangaza kwa ukubwa wake, kisha uipitishe kwenye amri hii:

```
strings mvua.h5 | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Ofisi moja ya hapa Nairobi niliyowahi kuisaidia ilikuwa na faili ya vipimo vya mvua ambayo namba zenyewe zilichukua nafasi ndogo kuliko maelezo yaliyozizunguka, yaani metadata. Mstari wa juu kabisa wa matokeo ya amri hiyo ulikuwa sentensi ya Kiswahili fasaha, iliyoeleza kwamba mvua imepimwa kwa milimita, kwamba chombo kimesomwa saa tatu asubuhi, na kwamba kipimo kinahusu saa 24 zilizotangulia. Sentensi hiyo ilikuwamo mara moja kwa kila kituo kwa kila siku. Aliyeiandika alifanya vizuri kuiandika; kilichokosekana ni kuiambia maktaba, yaani programu inayoandika na kusoma faili hizi, kwamba nakala moja inatosha.

Maktaba ya HDF5 ina njia ya kuambiwa hivyo tangu toleo la 1.8.0 lililotoka mwaka 2008, lakini watumiaji wengi hawajawahi kuigusa, na baadhi ya wanaoigusa huiacha baada ya kuona faili haikupungua, au imeongezeka. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuirekebisha njia hiyo mpaka ilete faida, na pia jinsi ya kutambua kwamba faili yako haiihitaji. Hata kama hujawahi kuandika programu ya HDF5, huenda unaitumia kila siku: faili za mvua za IMERG ambazo NASA huzitoa ni za HDF5, na kila faili ya netCDF-4 ni HDF5 kwa ndani.

Kinachohifadhiwa kwa pamoja

Kila seti ya data ndani ya faili ina kichwa chake, na kichwa hicho kimejengwa kwa jumbe fupifupi. Jumbe za aina tano ndizo zinazoweza kuhifadhiwa kwa pamoja: aina ya data, umbo la data, thamani ya kujazia mahali pasipoandikwa kitu, orodha ya vichujio kama vile vya kubana, na sifa, yaani yale maelezo tunayoyabandika kwenye seti ya data. Unapoiruhusu maktaba kuzihifadhi kwa pamoja, kila ujumbe mpya hukokotolewa heshi yake (namba fupi inayotokana na baiti zake), heshi hiyo hutafutwa kwenye faharisi, na ikipatikana maktaba hulinganisha jumbe hizo mbili baiti kwa baiti. Zikilingana kabisa, nakala ya pili haiandikwi. Mahali pake kichwani huwekwa rejeo linaloelekeza kwenye lundo la pamoja ndani ya faili hiyohiyo, na idadi ya marejeo huongezwa kwa moja. Ukifuta seti ya data, idadi hupungua, na ikifika sifuri ujumbe huondolewa lundoni.

Maneno «baiti kwa baiti» ndiyo yanayobeba uzito wote, nami nitayarudia hapo chini kwa sababu yalinigharimu siku nzima.

Hesabu kwanza

Rejeo huchukua baiti 10: moja ya toleo, moja ya aina ya rejeo, na nane za kitambulisho cha mahali ndani ya lundo. Kila ujumbe wa pamoja pia una rekodi yake kwenye faharisi, nayo ni ya baiti 17. Kwa hiyo ujumbe wenye ukubwa wa baiti *s* unaorudiwa mara *n* hugharimu *n* × *s* ukiachwa kama kawaida, na hugharimu *s* + 17 + 10*n* ukihifadhiwa kwa pamoja. Ukirudiwa mara mbili tu, lazima uzidi baiti 37 ili upate chochote; ukirudiwa maelfu ya mara, mpaka unashuka hadi kukaribia baiti 10. Ongeza hapo gharama ambayo haitegemei idadi: faharisi ya mtindo wa orodha hutengewa nafasi yake yote mapema, na kwa orodha ya rekodi 50 hiyo ni baiti 858, kabla hujahesabu lundo lenyewe. Faili yenye seti kumi za data haina haja na mambo haya.

Sasa chukua mfano. Tuseme una vituo 140, kila kituo kina seti moja ya data kwa kila siku ya mwaka, yaani seti 51,100, na kila seti imejengwa kwa aina ya data yenye nyuga 12 za namba za desimali. Katika usimbaji mpya wa maktaba, yaani namna yake mpya ya kuandika jumbe kwa baiti, kila uga huchukua baiti 20 za kueleza namba yenyewe, baiti moja ya mahali ulipo, na herufi za jina lake pamoja na baiti ya kufunga jina. Majina yakiwa mafupi, uga mmoja ni takriban baiti 30. Nyuga 12 pamoja na baiti nane za mwanzo zinafika 368. Mara 51,100 hiyo ni megabaiti 18.8 za kueleza jambo lilelile. Kwa marejeo ni kama nusu megabaiti.

Ile sentensi ya saa tatu asubuhi nayo, tuseme ina herufi 180. Ukiongeza jina la sifa, aina yake, umbo lake na baiti chache za mwanzo, ujumbe mzima ni takriban baiti 210, na mara 51,100 unapata megabaiti 10.7. Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kima cha chini ambacho maktaba hukitumia usipokitaja ni baiti 250, na ujumbe wa baiti 210 uko chini yake, kwa hiyo utaachwa nje ingawa ndio unaokuumiza.

Upande wa pili wa hesabu ni kwamba kuna jumbe zisizostahili kusumbuliwa. Thamani ya kujazia ya namba ya desimali yenye baiti nne huchukua baiti 10 katika usimbaji mpya, sawasawa na rejeo ambalo lingekaa mahali pake. Ungekuwa unatoa shilingi kumi kununua shilingi kumi, tena kwa foleni. Vichujio viwili vya kawaida, kile cha kupanga upya baiti na kile cha kubana kwa deflate, kwa pamoja ni baiti 22. Umbo la data lenye mwelekeo mmoja, likiwa na ukomo wake, ni baiti 20. Zote hizo hupungua kidogo zikirudiwa sana, lakini kila zinaposomwa maktaba inalazimika kwenda lundoni, na kwa maoni yangu baiti kumi au kumi na mbili hazilipi safari hiyo.

Niseme pia kabla ya kuendelea kwamba seti 51,100 kwa faili moja ni dalili ya muundo unaostahili kuulizwa. Mara nyingi seti moja kwa kila kituo, inayokua siku hadi siku, au seti moja yenye mwelekeo wa vituo na mwelekeo wa siku, huondoa tatizo lote bila ujanja wowote. Kama muundo uko mikononi mwako, anza hapo. Mwongozo huu ni wa yule aliyerithi muundo, au ambaye programu nyingine zinautegemea jinsi ulivyo.

Kuandika mpangilio

Mpangilio huu huwekwa wakati faili inaundwa, na hauwezi kuongezwa kwenye faili iliyokwisha kuwepo. Kwa C, huandikwa hivi:

```c
hid_t fcpl = H5Pcreate(H5P_FILE_CREATE);
hid_t fapl = H5Pcreate(H5P_FILE_ACCESS);

/* tumia usimbaji mpya, jumbe ziwe fupi tangu mwanzo */
H5Pset_libver_bounds(fapl, H5F_LIBVER_V18, H5F_LIBVER_LATEST);

H5Pset_shared_mesg_nindexes(fcpl, 2);
H5Pset_shared_mesg_index(fcpl, 0, H5O_SHMESG_DTYPE_FLAG, 60);
H5Pset_shared_mesg_index(fcpl, 1, H5O_SHMESG_ATTR_FLAG, 100);
H5Pset_shared_mesg_phase_change(fcpl, 50, 40);

hid_t faili = H5Fcreate("mvua.h5", H5F_ACC_TRUNC, fcpl, fapl);
```

Idadi ya faharisi inaweza kufika 8, nazo huhesabiwa kuanzia sifuri. Ukitaja idadi ya faharisi na kusahau kueleza kila moja inahusu nini, hakuna kosa litakalotolewa na hakuna kitakachohifadhiwa kwa pamoja, kwa sababu faharisi isiyoelezwa haina aina yoyote ya ujumbe. Aina moja ya ujumbe haiwezi kuwekwa kwenye faharisi mbili. Ukijaribu, kuunda faili kutashindwa.

Kwa nini nimetenganisha faharisi mbili badala ya kutumia H5O_SHMESG_ALL_FLAG na kumaliza kazi? Kwa sababu kima cha chini huwekwa kwa kila faharisi, na jumbe za aina tofauti zina mpaka tofauti. Kila sifa hubeba ndani yake aina yake ya data na umbo lake, navyo pia huweza kuhifadhiwa kwa pamoja vikiruhusiwa. Aina ya maandishi yenye urefu maalumu ni baiti nane tu, kwa hiyo kima cha 60 kwenye faharisi ya kwanza huizuia isigeuzwe kuwa rejeo la baiti 10 ndani ya sifa, huku kikiiruhusu ile aina ndefu ya nyuga 12. Ukiweka kila kitu pamoja kwa kima cha sifuri, utakuta sehemu fulani za faili zimerefuka.

Namba 50 na 40 ndizo ambazo maktaba ingezitumia hata usipozitaja. Maana yake ni kwamba faharisi huanza ikiwa orodha ya kawaida, hugeuka kuwa mti wa B (mpangilio unaoharakisha utafutaji) jumbe zikizidi 50, na hurudi kuwa orodha zikishuka chini ya 40. Kuachanishwa kwa namba hizo mbili kunaizuia faili kugeuka huku na huko kila ujumbe mmoja unapoongezwa na kufutwa. Namba hizi zinahusu faharisi zote za faili. Kumbuka kwamba kinachohesabiwa ni jumbe zilizo tofauti; vituo 140 vyenye sentensi moja ni rekodi moja. Ukiona una maelfu ya jumbe tofauti, unaweza kuweka sifuri na sifuri ili mti utumike tangu mwanzo, ingawa mimi ningesimama kwanza nijiulize kama zinazotofautiana hivyo zilifaa kuwekwa humo.

Pale ambapo faida hupotea

Mara ya kwanza nilipoweka mpangilio huu niliweka kila kitu sawasawa, nikaunda faili upya, na faili haikupungua hata kidogo kwa upande wa sifa. Nilipitia msimbo mara tatu. Kosa lilikuwa langu: sifa zangu zilikuwa maandishi yenye urefu usio maalumu. Maandishi ya namna hiyo hayakai ndani ya ujumbe wa sifa. Hukaa kwenye lundo jingine, na ndani ya ujumbe hubaki anwani yake tu. Sentensi ileile ikiandikwa mara mbili hupata anwani mbili, na anwani mbili haziwezi kulingana baiti kwa baiti. Msomaji anaona maneno yaleyale, lakini maktaba inaona jumbe mbili tofauti. Wanaoandika kwa h5py, njia ya kutumia HDF5 kutoka lugha ya Python, wajihadhari zaidi, kwa kuwa neno la kawaida la Python likiwekwa kuwa sifa huandikwa kwa urefu usio maalumu. Tumia maandishi yenye urefu maalumu, na urefu huo uwe mmoja kwa sifa zote zenye maneno yaleyale.

Tofauti ndogo za uandishi huleta hasara hiyohiyo. «mm» na «mm » yenye nafasi mwishoni ni jumbe mbili. Kituo kilichoandikwa «Dagoretti» na kile kilichoandikwa «Dagoreti» ni jumbe mbili. Usafi wa majina, ambao kwa kawaida tunauhimiza kwa ajili ya utafutaji, hapa unahusu pia nafasi ya diski.

Halafu kuna sifa ambazo haziwezi kulingana kamwe: wakati faili iliposasishwa, namba ya chombo, maelezo marefu ya usahihishaji wa siku hiyo. Maktaba haikuruhusu kuchagua sifa kwa jina. Ina kima cha ukubwa tu. Kila sifa ya kipekee inayozidi kima hicho hugharimu rekodi ya baiti 17 kwenye faharisi, na rejeo la baiti 10 inapohamishiwa lundoni, bila kurudisha chochote. Zikiwa moja kwa kila seti ya data, zinaweza kula sehemu nzuri ya faida uliyoipata kwingine. Njia ninayoipendelea ni kuzitoa huko kabisa: weka maelezo ya kipekee kwenye seti moja ya data inayojitegemea, safu moja kwa kila siku, ambako yanaweza pia kubanwa, na uache sifa kwa mambo yanayodumu.

Usihifadhi kwa pamoja umbo la data la seti zinazokua. Kila mara ukubwa unapobadilika, ujumbe wa zamani haufai tena kwa seti hiyo, na maktaba hulazimika kupunguza marejeo yake, kukokotoa heshi upya na kutafuta tena. Kwa programu inayoongeza kipimo kila dakika kumi na tano, hiyo ni kazi isiyo na mwisho.

Aina za data ambazo maktaba imekuja nazo, kama H5T_NATIVE_INT, haziingizwi kwenye hifadhi ya pamoja, wala zile zilizopewa jina kwa H5Tcommit. Hii ya pili inastahili neno moja zaidi. Kama una aina moja ndefu ya data na unajua mapema kwamba seti zote zitaitumia, H5Tcommit inakupa karibu faida yote kwa njia iliyo wazi: aina ina jina, inaonekana kwenye faili, na kila seti huielekea kwa rejeo la baiti 10 vilevile. Mimi huitumia hiyo kwanza, na faharisi ya aina za data huiweka pale tu programu inapounda aina hizo yenyewe, kwa mfano inaposoma majina ya nyuga kutoka kwenye faili za CSV za vituo.

Kupima matokeo

Amri ya kutegemea ni h5stat. Iendeshe kwa `h5stat -F mvua.h5` na usome sehemu ya metadata: mstari wa vichwa vya vitu ndio unaotaka ushuke, na chini yake kuna mistari ya jumbe za pamoja inayoonyesha ukubwa wa kichwa cha jedwali, wa faharisi na wa lundo. Ikiwa mistari hiyo mitatu ni sifuri, mpangilio haukushika. Ikiwa lundo ni kubwa na vichwa havikushuka kwa kiasi kinachozidi jumla ya faharisi na lundo, umehifadhi vitu visivyojirudia. Ukitaka kuthibitisha kwa kitu kimoja, H5Oget_native_info hutoa biti za jumbe zilizo za pamoja katika kichwa cha kitu hicho. Biti ya 3 ni ya aina ya data na biti ya 12 ni ya sifa.

Pima muda pia. Kuandika kutakuwa polepole kidogo kwa sababu ya heshi na utafutaji, jambo linaloonekana zaidi kwenye programu inayounda maelfu ya seti kwa mfululizo. Kusoma hutegemea: anayefungua seti nyingi zenye ujumbe mmoja hunufaika kwa kuwa ujumbe huo tayari uko kwenye kumbukumbu, ilhali anayefungua seti moja na kuondoka anasoma sehemu mbili za diski badala ya moja.

Jambo moja linalotuhusu hasa sisi ambao stima hukatika bila taarifa: jumbe za pamoja zikiharibika, zinaharibika kwa wote wanaozielekea. Programu ikizimwa katikati ya kuandika, kichwa kimoja kilichokatika huathiri seti moja, lakini lundo lililokatika linaweza kuzifanya seti zote za faili zisisomeke. Ita H5Fflush baada ya kila fungu la kazi, andika kwenye faili ya muda, na uibadilishe jina kuwa la kudumu baada ya kuifunga salama.

Faili zilizokwisha kuandikwa

Kwa faili za zamani tumia h5repack, ambayo huandika nakala mpya na kukubali kima cha chini kwa kila aina ya ujumbe:

```
h5repack -L --ssize=60:dtype --ssize=100:attr zamani.h5 mpya.h5
h5diff zamani.h5 mpya.h5
```

Amri ya pili ikikaa kimya, yaliyomo ni yaleyale. Fahamu kwamba h5repack haibadilishi maandishi ya urefu usio maalumu kuwa ya urefu maalumu, kwa hiyo kama tatizo lako ni hilo utahitaji programu ndogo ya kusoma sifa na kuziandika upya. Usiifute zamani.h5 mpaka kila programu inayosoma faili hizo imejaribiwa dhidi ya mpya.h5, hasa zile zilizounganishwa na maktaba ya zamani: faili yenye jumbe za pamoja hutumia toleo la 2 la kizuizi cha mwanzo wa faili (superblock) au la juu zaidi, na programu iliyojengwa kwa HDF5 1.6 haitaweza kuifungua.